Kama Kaka na Dada Tu

Alikuja siku ambayo mama yangu alikuwa na kisu mkononi, na hapo ndipo nilipojua kwamba mapenzi yamemtoa akili kweli.

Ilikuwa siku yetu ya kutia kimchi ya majira ya baridi, ile achari yetu ya kabichi na pilipili. Mgahawa tulikuwa tumeufunga. Kabichi tulizipandisha juu ya paa tangu jana yake, tukazilaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha, na asubuhi hiyo tulikuwa watatu tumechuchumaa kwenye sakafu ya kijani ya paa letu hapo mtaa wa Mangwon: mimi, Mama, na Bi. Hwang mwenye saluni ya jirani, ambaye kila mwaka huja kutusaidia na kila mwaka huondoka na umbea mwingi kuliko kimchi. Mama alikuwa anakata figili. Bi. Hwang alikuwa anachanganya pilipili na vitunguu saumu kwenye beseni kubwa, glavu nyekundu zimempanda mpaka viwikoni. Redio ndogo ilikuwa inaimba wimbo ule ule. Mwezi huo Seoul nzima haikuwa na wimbo mwingine.

"Tena?" Mama akasema. "Huyu mtu halali?"

"Mjukuu wangu kanunua hiyo albamu mara tatu," Bi. Hwang akasema. "Tatu, Bi. Gil. Nikamuuliza, nyimbo ni tofauti? Akaniambia hapana bibi, tofauti ni picha zilizomo ndani. Nikamwambia mimi huyo kijana nilimwona amelala na kichwa ndani ya bakuli la supu, tena picha hiyo niliipata bure."

Mama hakucheka. Aligonga figili kwa kisu kama ina kosa.

Kijana huyo ni Pyo Tae-rim wa kundi la Haemil. Na Pyo Tae-rim ni wangu. Mwaka wa nne huo, na waliokuwa wanalijua hilo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kimoja kikiwa cha Mama, ambacho angekikata kama kingekatika.

Chumba chao cha mazoezi kilikuwa chini ya ardhi, nyuma ya mgahawa wetu. Vijana watano, wenye njaa, wasiotaka watu wawaone wakila kwa namna ile, kwa hiyo walikuwa wanaingilia mlango wa nyuma wa jiko. Albamu yao ya kwanza ilikufa kabla haijaugua. Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa chini wa duka kubwa, pembeni ya wauza soksi, na waimbaji walikuwa wengi kuliko watazamaji. Mimi na Mama ndio tuliokuwa umati. Waliporudi waliingia jikoni kimya, wakakaa, Mama akawawekea wali na supu ya mifupa. Tae-rim akaanza kulia juu ya bakuli.

"Kula kwanza," Mama akamwambia. "Supu inapoa. Kilio hakipoi."

Msije mkadhani kwamba alimpenda. Alimlisha, na kumlisha mtu ni jambo jingine kabisa. Alipotugundua akaniambia neno moja: mtu wa kuimba hana kesho. Akaanza kunitafutia wachumba kwa bidii ya mtu anayetafuta punda aliyepotea. Wa mwisho alikuwa mhasibu wa mji wa Suwon mwenye meno mazuri, ambaye nilitakiwa nikanywe naye kahawa Jumamosi iliyokuwa inakuja.

Halafu ikaja albamu ya pili. Waliitengeneza wakijua kwamba hakuna ya tatu, kampuni yao ya muziki ilikwisha kuwaambia hivyo waziwazi. Wimbo uliobeba jina la albamu, "Mlango wa Nyuma", Tae-rim aliutunga amekaa juu ya gunia la mchele kwenye stoo yetu, mimi namenya vitunguu saumu mbele yake. Ni wimbo wa mtu anayerudi kwa aibu, akakuta kuna aliyemwachia taa na hakufunga kwa komeo. Basi. Hauna zaidi ya hilo. Mwezi wa kwanza haukusikika popote. Kisha wakaupata wanafunzi waliokuwa wakijiandaa na mtihani wa kuingia chuo kikuu, wale wanaorudi kutoka masomo ya ziada wakati baba zao wamekwisha kulala, wakaufanya wao. Wakaanza kuuimba kwenye mabasi. Wakawapa mama zao. Siku Haemil waliposhika nafasi ya kwanza kwenye kipindi cha muziki cha televisheni, Tae-rim alitakiwa auimbe tena baada ya kupewa tuzo, kama ilivyo desturi, akashindwa. Ukumbi mzima ukamwimbia, taa zao za mkononi zikiwaka rangi ya samawati, kila msichana ameshika moyo wake, kila mmoja ana hakika kwamba mlango ule ni wa kwake.

Nikisema sikuona wivu nitakuwa mwongo. Niliona wivu nikiwa nimesimama nyumbani na mwiko mkononi.

Sasa, asubuhi hiyo ya kimchi, nikasikia ngazi ya chuma inalia. Kwanza ikatokea kofia nyeusi, kisha barakoa nyeusi, kisha macho. Hayo macho hata ungeyafunika na blanketi ningeyajua. Yalinitazama mara moja tu, haraka, kama mtu anayeangalia kama funguo zake bado zipo mfukoni, halafu yakageuka kwa Mama.

"Shikamoo, Mama mdogo," akasema. Vijana wote wa mtaani humwita hivyo.

"Marahaba," Mama akaiambia figili. "Umepotea njia. Tamasha liko ng'ambo ya mto."

"Leo nina nafasi mpaka jioni. Nimesikia mnatia kimchi."

"Nani kakwambia?"

Nilijifanya natafuta kitu ndani ya beseni. Bi. Hwang akacheka mpaka akakohoa.

"Mapenzi ni kikohozi, Bi. Gil," akasema akijifuta macho kwa bega. "Hayafichiki. Njoo mwanangu, glavu hizi hapa. Kwanza nipe sahihi yako kwenye aproni, mjukuu wangu asije akanifukuza nyumbani."

Mama hakumfukuza. Kwetu mtu aliyekuja siku ya kimchi hafukuzwi, hata awe mdai, maana mikono ni mikono. Alimsogezea kigoda kwa mguu.

"Kabichi zikunjue jani moja moja, pilipili ifike mpaka shinani," akasema. "Na hivyo vidole visije vikaungua ukatushtaki. Najua siku hizi vina thamani kuliko nyumba hii."

"Ndiyo, Mama mdogo."

Akakaa. Akavua kofia na barakoa. Nywele zake walikuwa wamezipaka rangi ya shaba kwa ajili ya albamu, na juani zilionekana kama za mtu mwingine. Alifanya kazi vizuri, kimya, jani kwa jani. Bi. Hwang alimuuliza habari za Japani, akajibu. Alimuuliza kama ni kweli yule mdogo wao, Se-on, anakula sabuni kama inavyosemwa mtandaoni, akajibu kwamba ilikuwa mara moja tu na alidhani ni keki. Alicheka panapofaa kuchekwa. Lakini mimi namjua. Tae-rim akiwa hana neno moyoni huwa anaimbaimba chini kwa chini bila kujua. Siku hiyo hakuimba hata kidogo, na redio ilipoanza tena "Mlango wa Nyuma" alinyoosha mkono akaizima, akaacha alama nyekundu ya kidole kwenye kitufe.

"Nisaidie kusuuza zilizobaki," nikamwambia.

Tukaenda nyuma ya tangi la maji, kwenye bomba. Nikafungulia maji yapige kelele.

"Sema," nikasema.

"Wametupiga picha."

"Akina nani?"

"Gazeti la udaku. Ile siku ya kando ya mto. Umenishika mkono wa koti."

"Nilikuwa nimeteleza."

"Kwenye picha hujateleza, Eun-gyo."

Nilisuuza kabichi moja ambayo ilikuwa imekwisha kusuuzwa. Maji yalikuwa baridi, glavu yangu ya kushoto ilikuwa na tundu.

"Zinatoka leo saa kumi na mbili jioni," akaendelea. "Wameipigia kampuni, wanataka jibu la kuweka chini ya picha. Majibu unayajua."

Niliyajua. Nchi nzima inayajua, yako mawili tu na hayajawahi kuongezeka. La kwanza: ni kweli, wameanza kufahamiana kwa nia njema, tunaomba muwatazame kwa upendo. La pili: wanafahamiana tu, kama kaka na dada. La kwanza husababisha mashabiki kuchoma picha. La pili hakuna anayeliamini, lakini kila mtu analipokea, kwa sababu linampa kila mtu ruhusa ya kuendelea kama kawaida.

"Mkurugenzi wenu anataka lipi?"

"Unauliza?"

"Na wewe?"

"Nimekuja kukuuliza wewe kwanza. Meneja yuko chini kwenye gari, anatafuna kucha. Nimemwambia sijibu mpaka nimekuona."

"Waambie kama kaka na dada," nikasema.

Alinitazama. Nilikuwa nimejibu upesi sana, kama niliyeulizwa kama nataka chai.

"Hivyo tu?"

"Unataka niseme nini, Tae-rim? Mko watano. Dong-hu ameimba na koo bovu miaka yote hii. Se-on magoti yake yanalia kuliko ile ngazi. Mmesubiri mpaka wenzenu wa rika moja wana watoto. Sasa mmepata, halafu mimi niwe ndiyo sababu ya kukosa? Watu wataacha kuusikiliza ule wimbo. Wataona mlango si wao."

"Mlango si wao."

"Wao wanadhani ni wao, na hiyo ndiyo iliyowapa tuzo."

Akafunga bomba.

"Unajua ubeti wa pili," akasema taratibu, "huwa naangalia chini?"

"Najua. Mashabiki wanakusanya hivyo vipande. Wanasema unaona haya."

"Naangalia chini kwa sababu ubeti wa pili nakuona wewe na kisu chako na vitunguu, na kila nikiinua macho namwona mtu mwingine analia akidhani ni yeye. Najisikia mwizi. Nimechoka kukuimba mbele ya maelfu, halafu nikukane mbele ya mtu mmoja mwenye kalamu."

"Na wenzako?"

"Nimewauliza jana. Dong-hu akasema, mimi naogopa, lakini mtu mwenye uongo mdomoni hawezi kuimba ule wimbo mwaka mzima, na mimi nataka tuuimbe mwaka mzima. Se-on akauliza kama utaacha kututilia mayai mawili ukishakuwa maarufu."

Nilitaka kucheka, ikashindikana. Nilimtazama, shingo yake, ile michirizi ya pilipili aliyojipaka shavuni bila kujua, na nikahisi nampenda mpaka mbavu zinaniuma. Bado nikasema:

"Kama kaka na dada. Tafadhali."

"Eun-gyo."

"Nimesema."

"Hilo tangi halizuii sauti," Mama akasema kutoka upande wa pili. "Njooni mgombanie huku. Kabichi zinakauka."

Tulirudi kama watoto waliokamatwa na sukari. Bi. Hwang alikuwa ameinamia beseni, ana adabu ya mtu asiyetaka kukosa hata herufi. Mama aliweka kisu chini. Katika maisha yangu sijamwona mama yangu akiweka kisu chini kabla kazi haijaisha.

"Wewe kijana," akasema. "Kaa."

Tae-rim akakaa.

"Mimi sikupendi."

"Najua, Mama mdogo."

"Sina ubaya na wewe. Unakula vizuri na unasalimia. Lakini nilimkataza binti yangu ulipokuwa huna kitu, na nilimkataza zaidi ulipopata. Unajua kwa nini zaidi?"

"Kwa sababu mimi ni wa watu."

"Uko karibu. Kwa sababu mtu wa watu huja siku anaulizwa, huyu ni nani kwako? Na siku hiyo wote husema, simjui, nilikuwa napita. Nikasema siku hiyo ikija, mtoto wangu ndiye atakayelala kitandani wiki nzima ameelekea ukutani. Mimi ndiye nitakayempelekea uji. Sasa siku imefika, nimekusikia kwa masikio yangu. Ukiulizwa utasema nini?"

"Nitasema nampenda."

"Kazi ikiota mbawa?"

"Nitaosha vyombo hapa."

"Vyombo vyangu usiguse. Nilikuona ulivyoosha sufuria ile mwaka ule. Lakini nimekusikia."

Halafu akanigeukia mimi. Mama ana macho madogo, na yakikushika hayana haraka ya kukuachia.

"Miaka yote hii nilikuwa nakesha na mwizi nimemwacha ndani," akasema. "Kumbe anayekana ni wewe."

"Mama, nawafikiria wale wanne."

"Wale wanne wamekwisha jijibia. Nimesikia. Hata wa mayai kajibu. Wewe unamfikiria nani?"

Nilikuwa nimewabeba wale wanne mbele yangu kama ngao, na Mama alikuwa ameishusha kwa mkono mmoja. Nyuma yake kulikuwa na mimi tu, Cha Eun-gyo, binti wa mgahawa wa supu, mwenye glavu yenye tundu.

"Nawaogopa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Watanitazama, Mama. Wote. Watachukua picha ya uso wangu wataikuza. Watasema, huyu? Ndiye huyu? Watasema nanuka vitunguu. Wataandika kwenye kurasa za mgahawa mtandaoni kwamba supu yetu ina nywele. Nikiwa simo kwenye habari yoyote, wimbo ni mzuri, na yule mtu wa kwenye wimbo ni mzuri. Akiwa mimi..."

Tae-rim alikuwa ameinuka nusu, Mama akamwonyesha kwa kidole akae.

"Watasema," Mama akasema. "Sitakudanganya. Watasema na mimi sitaweza kuwanyamazisha. Ila wakisema utakuwa na mtu wa kumshika mkono wa koti. Ukijificha watasema vilevile, na mkono hutakuwa nao."

"Na kama ni nywele kwenye supu," Bi. Hwang akadakia, hakuweza tena kuvumilia, "waambie ni za saluni kwangu, nitapata wateja."

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono yangu ilikuwa na pilipili mpaka kwapani. Tae-rim akatoa barakoa yake mfukoni, akanifuta nayo. Mbele ya Mama. Miaka minne hajawahi kunigusa mbele ya Mama hata kwa bahati mbaya.

Simu ikalia.

Ilikuwa ya Mama, imelala juu ya mtungi uliofunikwa. Ukifunga mgahawa, simu za mgahawa huja kwake. Sote wanne tulikuwa na glavu, tukaitazama inavyotetemeka na kusogea ukingoni. Mwishowe Bi. Hwang akaibonyeza kwa ncha ya kiwiko, na kwa sababu kiwiko hakina macho, akafungulia na kipaza sauti.

"Samahani, mama," sauti ya mwanamke ikasema, sauti laini yenye haraka. "Hapo ndipo mgahawa wa supu ya mifupa, Mangwon? Mimi ni mwandishi wa habari. Nilitaka kuuliza neno dogo tu kuhusu binti yako."

Mama alinitazama. Hakuninyanyulia nyusi, hakunitikisia kichwa. Aliuchukua mtungi mzima kwa mikono miwili, simu ikiwa juu yake, akaja akauweka mbele ya magoti yangu.

Nilimtazama Tae-rim. Alikuwa amekunja barakoa kwenye ngumi. Midomo yake ilisema bila sauti: unavyotaka wewe. Na nikaona kwamba ni kweli. Kama ningesema kaka na dada angeshuka zile ngazi, angemwambia meneja hivyo, na angeendelea kuangalia chini kwenye ubeti wa pili mpaka siku ya kuzeeka kwake. Hilo ndilo lililonitisha kuliko nyuso zote zilizokuwa zinaningoja.

"Mama? Unanisikia?" sauti ikasema.

"Mama ana kazi," nikasema. "Huyo binti ni mimi."

Nilisikia karatasi, au labda ni kalamu.

"Oh. Basi vizuri. Dada, tunazo picha zako na Pyo Tae-rim wa Haemil. Kampuni bado haijatujibu. Je, mnafahamiana kama..."

"Tunapendana," nikasema. "Mwaka wa nne."

Bi. Hwang akajiziba mdomo kwa glavu, akakumbuka pilipili ikiwa imekwisha kumfika. Hakutoa sauti hata hivyo. Mwanamke mwenye moyo yule.

"Mwaka wa nne," mwandishi akarudia polepole, anaandika. "Yaani tangu kabla ya albamu ya kwanza."

"Tangu ile ya kwanza. Ile ambayo uzinduzi wake wewe hukuja."

Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Kweli, sikuja. Basi niulize la mwisho, maana wasomaji wangu watanilaza nje nisipouliza. Ule wimbo, 'Mlango wa Nyuma'. Ni wako, siyo? Ulitungwa kwa ajili yako?"

Hilo ndilo lililokuwa likinila mwezi mzima, na sasa nilipewa kwenye sahani: sema tu ndiyo, uwe wako, waondoke wote na taa zao. Tae-rim alikuwa ananitazama, tayari kunipa hata hilo. Nikawafikiria wale wanafunzi kwenye mabasi ya usiku, vichwa vyao dirishani, na mama zao waliowaachia taa.

"Hapana," nikasema. "Wimbo ni wao. Walioulilia na kuupigia kura ni wao, na asiwadanganye mtu kwamba umechukuliwa. Mimi sina haja na wimbo. Mimi ninaye mwenyewe."

Mwandishi akasema, "Asante, dada," kwa sauti nyingine kabisa, ya mtu tu, na akakata.

Upepo ulipita ukapeperusha mifuko ya chumvi iliyokuwa mitupu. Tae-rim alikuwa amesimama katikati ya paa na mikono yake myekundu ameiacha inaning'inia, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga na hajui amshike wapi. Alitaka kunijia, akamtazama Mama, akabaki palepale. Mfukoni mwake simu ilianza kutetemeka. Ikanyamaza, ikaanza tena.

Mama alikwisha kurudi kwenye kigoda chake. Alichukua kisu, akachukua figili, akaikata vipande viwili, akavipanga.

"Mkwe," akaita, bila kuinua kichwa.

Tae-rim hakujua kwamba anaitwa yeye. Aligeuka akaangalia ngazi, kuona nani anapanda. Bi. Hwang, midomo imemvimba kwa pilipili, akamsukuma kwa bega.

"Naam, Mama mdogo," akasema, na sauti yake ile iliyouza albamu nchi nzima ikakatika katikati.

"Mimi si mama mdogo wako tena. Kaa chini, kabichi bado nusu."

Akakaa. Hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alikaa sakafuni, ubavuni kwangu, bega lake likagusa langu na akaliacha hapo. Chini barabarani meneja alianza kupiga honi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinuka.